Nani Anapanda Ngazi Zangu

Jumatatu, Machi 4

Mchwa amekula kona ya daftari hili sasa hivi. Nimelifungua, nikageuka kutafuta kalamu, kurudi namkuta ana karatasi mdomoni, anatafuna taratibu kama mzee asiye na meno. Nikamwambia toa. Akafungua mdomo wote nione, halafu akameza. Ndiyo maana tunamwita Mchwa. Ana mwaka mmoja na miezi minne, na tayari ameshakula tiketi mbili za basi na mwezi wa Februari kwenye kalenda ya ukutani.

Basi ukurasa huu hauna kona. Tuendelee hivyo hivyo.

Leo mvua ya kwanza imenyesha na fundi wa miguu amekuja. Ameniletea miguu ya betri nijaribu wiki sita za mvua. Akasema nitafute daftari, niandike kila siku ninavyojisikia, ili Ijumaa akiniuliza nisianze kukuna kichwa. Nikamwambia shule yangu iliishia darasa la saba. Akasema, "Dada, sitasahihisha."

Miguu yenyewe ni vyuma vyeusi, viwili kila upande, kutoka pajani hadi chini ya kiatu. Inafungwa kwa mikanda yenye matundu. Kwenye goti kuna bawaba, na kwenye bawaba kuna mota ndogo kama kikombe cha chai. Betri inakaa kiunoni. Ukitembea sakafuni imelala. Ukiinua mguu kukanyaga ngazi inaamka, inasema ziii, inakunyoosha goti na wewe unajikuta juu. Ni kama kuna mtu nyuma yako anayekusukuma bila kukugusa.

Niandike na kwa nini ninaihitaji, nisije nikasahau siku nikipona. Mchwa alipokuwa na miezi mitatu nilishikwa na homa. Homa ikaondoka, ikaondoka na miguu yangu. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, itarudi polepole. Sakafuni natembea na fimbo. Ngazi ndiyo siwezi. Nasi tunakaa ghorofa ya nne na lifti hakuna. Ni ngazi sabini na mbili: tisa, kona, tisa, mlango wa watu, halafu tena, mara nne. Nikitaka kwenda kliniki mume wangu ananibeba mgongoni. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anasema gunia la unga ni zito kuliko mimi ila halimpigii kelele sikioni.

Masharti ya fundi ni haya. Asivae mtu mwingine, maana mashine inajifunza mwendo wa mtu mmoja kama kiatu kinavyozoea mguu. Nisimbebe mtoto ngazini mpaka yeye aruhusu. Kila Ijumaa atachomeka waya na kusoma nimepanda ngapi. Wiki sita zikiisha, aliyepanda kila siku na akaelewana na mashine ataachiwa. Wengine watanyang'anywa, kwa sababu foleni ni ndefu.

Mimi nataka kuachiwa. Nataka kumbeba Mchwa kutoka chini mpaka juu, ngazi zote, mimi mwenyewe. Akianguka sasa hivi anamkimbilia bibi yake, na bibi ndiye anayemwita mama. Mimi ananiita "we".

Jumanne, Machi 5

Mvua. Nimeshuka tisa, nimepanda tisa. Nimelia kidogo, lakini vizuri.

Alhamisi, Machi 7

Mama mkwe hajasema zuri wala baya kuhusu miguu ya betri. Alikaa kwenye kigoda chake, akaitazama pale ukutani ilipotundikwa, akasema, "Hiki kitu kinavuta pumzi?" Nikasema ni mota, mama. Akasema, "Mm." Hiyo "mm" yake sijawahi kuielewa tangu niolewe.

Alikuja kutulea nilipougua. Mwaka umepita na hajashuka chini hata mara moja, kwa sababu ya magoti yake. Siku aliyokuja, mwanawe alimvuta mbele na mshonaji wa chini akamsukuma nyuma, na alipofika juu akasema, "Sasa nimepanda, msiniambie tena habari za kushuka." Ukimuuliza kama anatamani kutoka, anajibu, "Chini kuna nini?"

Kazi yake kubwa ni kuonja. Uji wa Mchwa anaonja. Maji ya kuoga anachovya kiwiko. Hata dawa yangu ya maji, ile chungu, alionja kwanza akakunja uso na kunipa, "Kunywa, haiui." Mimi ni mtu mzima lakini kwenye nyumba hii siwezi kunywa kitu ambacho hakijapita mdomoni kwa mama mkwe.

Ijumaa, Machi 8

Fundi amekuja. Nimejua ni yeye kabla hajabisha. Ukikaa ndani mwaka mzima unajifunza ngazi kwa masikio. Mume wangu akiwa mikono mitupu anapanda moja kwa moja. Akibeba chochote anasimama kona ya pili, avute pumzi. Fundi Jumatatu alipoleta boksi alisimama kona ya pili, leo alikuja na mkoba tu na hakusimama popote. Mwenye mikono mitupu hasimami kona ya pili. Sijui kwa nini ni ya pili, lakini ni ya pili.

Amesema nimeanza vizuri.

Jumatano, Machi 13

Ngazi thelathini na sita. Dawa imenilaza mchana kutwa, mimi na Mchwa kitanda kimoja.

Alhamisi, Machi 14

Jambo dogo. Mkanda wa paja mimi nafunga tundu la nne. Leo nimeukuta tundu la sita. Nilipojaribu kuuvaa hivyo haukufika. Mtu ananenepa matundu mawili kwa siku moja?

Ijumaa, Machi 15

Fundi amechomeka waya, akapiga makofi. "Dada, kumbe wewe ni mbuzi wa mlimani! Jumatano alasiri umeshuka mpaka chini na kupanda tena. Ngazi mia moja arobaini na nne."

Jumatano alasiri nilikuwa nimelala.

Nikasema, "Eeh."

Kwa nini nimesema eeh? Nilitaka kusema hapana, lakini alikuwa amefurahi sana, na mama mkwe alikuwa jikoni anagonga sufuria kama anayetafuta kitu ndani yake.

Jumamosi, Machi 16

Nimemuuliza mume wangu.

"Labda umesahau," akasema.

"Mtu anasahau ngazi mia na arobaini na nne?"

"Mimi nilisahau harusi ya kaka yangu."

"Wewe hukutaka kwenda."

"Na wewe labda hukutaka kupanda."

Huyu hanisaidii.

Jumanne, Machi 19

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki.

Ijumaa, Machi 22

Sasa naogopa. Asubuhi chini ya vyuma vya kukanyagia nimekuta tope kavu. Mimi sijafika chini. Nilikomea ghorofa ya pili, na huko ni saruji tupu. Betri nilichaji ikajaa jana mchana, leo ilikuwa nusu.

Fundi akasoma: Jumatatu na Alhamisi, alasiri, mpaka chini na kurudi. Akaniuliza, "Mbona kona ya nne unasimama muda mrefu, dakika tano, sita? Unaumwa?" Kona ya nne kuna kidirisha tu. Nikamwambia naangalia mvua. Akasema ni vizuri, nisikimbilie.

Nimedanganya tena. Lakini ningemwambia nini? Kwamba miguu inatoka ukutani na kwenda kutembea peke yake? Atanichukulia mashine na kuniachia daktari wa kichwa.

Jumatano, Machi 27

Nimeponea chupuchupu. Nilikuwa ngazi ya tano kutoka ghorofa ya tatu. Nikainua mguu wa kulia, nikasubiri ziii, haikuja. Nikajivuta mwenyewe. Nimeshakanyaga, ndipo ikaja, nguvu zote, kama mtu anayeitikia salamu wakati wewe umeshapita. Nikayumba, nikashika reli. Mguu wa kushoto vivyo hivyo. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunaelewana. Sasa kila ngazi ni ubishi.

Nadhani ni miguu yangu inayokufa tena. Homa ilianza hivi hivi, kwa kutokuelewana na miguu.

Nimerudi ndani. Mchwa akanikimbilia, nikanyoosha mikono, akanipita akaenda kwa bibi.

Jumapili, Machi 31

Nimesikia mama mkwe akimwambia mwanawe jikoni, "Bado. Kumbeba mtoto, bado. Nakwambia najua." Mume wangu akauliza, "Umejuaje, mama?" Akasema, "Mm."

Amejuaje? Hajawahi hata kutoka nje ya mlango kunitazama. Labda anataka niendelee kukaa kitini ili Mchwa abaki kumwita yeye mama. Nimeandika hivyo na naona aibu, lakini sifuti.

Ijumaa, Aprili 5

Fundi anasema mimi ndiye ninayeongoza kwa ngazi kati ya wote wanane wanaojaribu mashine. Tena anasema kuna kitu hakielewi kwenye namba zangu. "Kuna siku unapanda kama msichana, kuna siku unapanda kama bibi kizee." Akacheka. Mimi sikucheka.

Nimeelewa sasa. Ni mimi. Naamka usingizini, navaa, nashuka, napanda, narudi kulala, na sikumbuki. Nimesikia watu kama hao wapo. Kwa hiyo Mchwa anabaki kitandani peke yake wakati mama yake anazurura na macho yaliyofumbwa. Siku moja nitambeba katika hali hiyo.

Jumanne, Aprili 9

Siri haishikiki. Chakula hakipiti. Mama mkwe aliniangalia akasema, "Una nini?" Nikasema sina kitu. Akaonja mchuzi wangu, akausukuma mbele yangu. "Mchuzi ni mzuri. Basi tatizo ni wewe. Kula."

Jumatano, Aprili 10

Niandike pole pole, maana sijui kama nina hofu au kicheko.

Leo baada ya dawa nilifanya nilichopanga. Nilichukua shuka kuukuu nikalipasua, nikafunga mguu wangu wa kulia kwenye chaga ya kitanda. Mafundo matatu. Nikasema, nikiamka usingizini nitaanguka hapo hapo, na nitajijua. Nikamlaza Mchwa upande wa ukutani. Nikalala.

Sauti ndiyo iliyoniamsha. Ziii. Kimya. Ziii. Ilitoka nje, ngazini.

Nikatazama mguu. Umefungwa. Mafundo matatu, kama nilivyoyaacha. Nikamtazama Mchwa. Amelala, dole gumba mdomoni. Nikatazama ukutani. Msumari mtupu.

Ziii. Ziii. Inapanda. Nikahesabu. Ghorofa ya tatu, tisa, kona. Ikasimama. Muda mrefu. Nikaanza kuvuta mafundo, lakini nilikuwa nimeyafunga kwa hasira na vidole havikuwa na nguvu. Ziii tena. Tisa za mwisho nilizihesabu kwa sauti. Ilipofika tisa mlango ukafunguka.

Aliingia mama mkwe.

Alikuwa amevaa miguu yangu ya betri, mikanda tundu la sita, nguo ameikunja na kuipachika kiunoni pamoja na betri. Nywele zimelowa. Tope mpaka vifundoni. Na alikuwa anacheka peke yake. Miaka mitatu nimekuwa mkwe wake, leo ndiyo nimejua ana pengo upande wa kushoto.

Akaniona. Akaona shuka. Kicheko kikakatika.

"Nani amekufunga?"

"Mimi."

"Wewe umejifunga? Kama mbuzi?"

"Nilidhani natembea usingizini, mama. Nilidhani ni mimi ninayeshuka. Nilidhani nitamwangusha Mchwa."

Akasimama pale, maji yanachuruzika. Kisha akaja, ziii ziii hata sakafuni, maana anainua miguu kama bado yuko ngazini, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kufungua mafundo kwa meno. Alipomaliza akaushika ule mguu wangu mapajani pake, akawa anasugua palipobanwa.

"Siku ile alipoileta," akasema bila kunitazama, "nilisema siwezi kumwacha mke wa mwanangu apande kwenye kitu nisichokijua. Je, kikimwangusha? Nikaonja."

"Ukaonja."

"Ngazi mbili tu. Nikaona haiumi. Basi ningeishia hapo." Akasugua tena. "Ila goti halikuuma, mwanangu. Nikasema niongeze moja. Nikaongeza moja. Nikafika chini."

"Chini kuna nini?" nikamuuliza. Sikutaka kumtania, ilinitoka.

"Tope," akasema. "Nilivua viatu nikasimama kwenye tope. Mwaka mzima sijakanyaga kitu laini. Mshonaji akanipa kiti, nikamwambia sitaki kukaa, nimechoka kukaa." Halafu akasema, "Na kile kidirisha cha kona ya nne, unaona mpaka barabarani. Hujawahi kutazama?"

Sijawahi. Mimi nikipita pale nahesabu.

Nilitaka kukasirika. Wiki nne nimejiona kichaa. Miguu imesahau mwendo wangu kwa sababu yake. Nilikuwa nikipanga maneno mazito, na Mchwa akaamka, akamwona bibi yake na vyuma, akasema, "Ziii." Tukacheka mpaka mama mkwe akashika mbavu. Halafu nikalia. Halafu sijui tena nilichokuwa nafanya.

Nilimuuliza pia kuhusu yale ya jikoni, kwamba bado nisimbebe mtoto. Akasema, "Nilishuka na kilo tano za mchele mgongoni, nimefunga kama mtoto. Kona ya pili nilitaka kuanguka. Ndiyo maana nilisema bado. Sikusema kamwe."

Alhamisi, Aprili 11

Mume wangu amepewa habari zote. Akasema, "Mama, na magoti hayo?" Akajibiwa, "Na wewe na mdomo huo?"

Anaona tunyamaze. "Kesho ndiyo Ijumaa ya mwisho. Wewe ndiye unaongoza. Fundi atasaini, mashine inabaki. Mkisema, inaondoka. Mnataka nini?"

Mama mkwe amesema, "Nitasema mimi."

Mimi sijui. Nikinyamaza nabaki na miguu isiyojua mimi ni nani. Nikisema, sibaki na kitu. Nimepitia haya mawili siku nzima kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko ule ule.

Ijumaa, Aprili 12

Fundi amekuja. Mama mkwe aliyesema atasema akajifungia jikoni, nikamsikia anagonga sufuria.

Fundi akasoma namba, akatoa karatasi na kalamu. "Ngazi elfu mbili na mia moja na ushee. Dada, hapa sina maswali." Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Mchwa alikuwa ameshika mguu wa suruali yake, anaangalia ile karatasi kwa njaa.

Nikasema, "Nyingine si zangu."

"Nini?"

"Ngazi. Nyingine si zangu."

Sufuria zikanyamaza. Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mkwe akasimama pale na mwiko mkononi, akasema, "Ni zangu. Elfu moja mia moja hamsini na mbili. Nilizihesabu. Mtoto huyu hakujua, kwa hiyo usimkunjie uso."

Fundi akamtazama, akanitazama, akatazama mashine. "Shikamoo mama," akasema, kwa sababu alikuwa amesahau kumwamkia.

"Marahaba. Na mota yako ya kushoto ina uvivu. Ifanyie kazi."

Hakukasirika kama nilivyodhani, lakini hakucheka pia. Alirudi kwenye kompyuta yake akakaa muda mrefu, anatenganisha za bibi kizee na za msichana. Halafu akaniita. Akanionyesha mistari miwili, mmoja wa mota na mmoja wa goti langu.

"Mashine ilichanganyikiwa," akasema. "Haikujua nani yuko ndani yake, ikawa inachelewa. Umeona? Hii ni wiki iliyopita, ni wewe. Goti limenyooka hapa. Mota imekuja hapa, nyuma. Sasa goti lilinyooshwa na nani?"

"Sijui."

"Dada. Hapo ndani kulikuwa na nani mwingine?"

Nikautazama mguu wangu kama mtoto wa jirani niliyeambiwa amefaulu mtihani.

Akafungasha mashine kwenye boksi. Akasema ni lazima awaeleze wakubwa wake, na sharti tulilivunja, na uamuzi sio wake. Wataifuta yote iliyojifunza. Baada ya hapo ama irudi kwangu, ama iende kwa anayefuata kwenye foleni. Jibu ni Ijumaa mbili zijazo. Akashuka. Kona ya pili akasimama.

Jumatatu, Aprili 15

Msumari mtupu. Mama mkwe ametundika hapo taulo la Mchwa, "ili usiutazame."

Alhamisi, Aprili 18

Tumetoka wote wawili, mimi na fimbo, yeye na reli, bila mota. Ngazi tisa kushuka mpaka kidirishani. Ni kweli, unaona mpaka barabarani. Kuna mtu anauza miavuli na yeye mwenyewe amelowa. Tulikaa pale kwenye ngazi nusu saa. Kupanda tulisukumana, tukawa tunasema ziii kila ngazi. Mshonaji alitoa kichwa chini akauliza kama tuko salama.

Jumatatu, Aprili 22

Tisa kushuka, tisa kupanda. Jua limetoka saa moja hivi, likarudi ndani.

Jumatano, Aprili 24

Mchwa alijigonga na kigoda. Bibi yake alikuwa amekaa hapo hapo, mikono amenyoosha. Akampita. Akaja kwangu, akaniangukia magotini, akalia kwenye nguo yangu. Mama mkwe akasema, "Mm." Hiyo nimeielewa.

Bado hajaniita chochote. Sijali. Kidogo najali.

Ijumaa, Aprili 26

Tangu juzi hakuna mvua. Nguo zimekauka, na sasa kuna vumbi ambalo tulikuwa tumelisahau.

Fundi alisema saa nne. Sasa ni saa nne kasoro. Mume wangu ameomba ruhusa kazini, yuko dirishani, kila pikipiki anasema ndiye huyo. Mama mkwe amefagia mara mbili na amevaa viatu, sijui anakwenda wapi. Nimewaambia hata ikienda kwa mwingine, nitampandisha Mchwa tisa za mwisho kwa fimbo siku moja, na zile sitini na tatu zitakuja baadaye. Nimesema hivyo kwa ujasiri. Ndani sijui. Nataka irudi. Nataka sana irudi, niiandike wazi.

Mlango wa chini umelia. Ni yeye, nakijua kiatu chake. Anapanda. Mume wangu anataka kufungua mlango, nimemwambia ngoja, nyamazeni, acheni nisikie. Tisa. Kona ya kwanza amepita. Tisa tena, ghorofa ya kwanza. Hasemi na mtu. Tisa nyingine, anakaribia kona ya pili. Hata Mchwa amenyamaza, ananitazama mdomo. Akipita pale moja kwa moja basi

Amesimama.

Amesimama kona ya pili, anavuta pumzi, namsikia mpaka hapa, ameweka kitu chini, kimegonga sakafu kama bo

Mama mkwe ananiita, "Mwanangu, acha daftari, njoo wewe ufungue, mlango huu ni wako"